Mtumwa wa Makungu

Wale ambao gazeti la wiki iliyopita lilifungiwa bajia kabla hawajalisoma, poleni. Sirudii yote. Nitasema machache tu ili tuende pamoja.

Yusra ni mtoto wa mjini, wa Kiponda, anauza kwenye duka la dawa pale Mkunazini, na mwenyewe kanambia niandike kila kitu, hata pale alipofanya upumbavu. Basi nitaandika, maana upumbavu upo.

Mama yake, Bi Amne, anakaa Makunduchi kwenye nyumba aliyozaliwa, ndani ya ardhi ya ukoo wa mzee Makungu bin Silima. Ardhi hiyo haijapata kugawiwa tangu Makungu afariki. Mwaka huu wazee wamekubaliana igawiwe kisharia, na kila tawi la ukoo lioneshe linavyomfikia Makungu. Asiyemfikia, atoke.

Tawi la Bi Amne linapita kwa bibi yake, ambaye watu wote walimwita mama Pili, kwa sababu ya mwanawe Mwanapili, ndiye aliyemzaa Bi Amne. Jina lake khasa hakuna aliyelijua. Wakubwa zetu hawakutajwa majina, na siku hizi tunahangaika kwa ajili hiyo.

Ndipo Yusra akaenda kwenye jumba la nyaraka, akafukua mpaka vumbi likamkaa kifuani, akampata. Mama Pili hakuwa mtu wa kuandikwa. Hakuwa na cheo wala safari. Kilichomwingiza kwenye nyaraka za kadhi ni mbuzi wake, walioingia kwenye shamba la mtu wakala mihogo. Karani akaandika kwa herufi za Kiarabu kwamba mbuzi hao ni wa mama Pili mtumwa wa Makungu bin Silima.

Yusra alifurahi mpaka akalia. Akapiga picha, akairusha kwenye kundi la wasap la ukoo, na chini yake akaandika: "Jamani, bibi yetu nimempata. Kumbe akiitwa Mtumwa. Mtumwa wa Makungu!"

Sasa wewe msomaji wa Unguja najua huoni ajabu. Mtumwa ni jina. Nani hana shangazi anayeitwa Mtumwa? Na "wa Makungu" ndivyo tunavyosema mashamba, Mize wa Juma, Pili wa Haji, yaani mtoto wa fulani. Yusra alisoma jina la mtu na jina la baba yake. Hakuona kitu kingine.

Mjomba wake Msabah alikiona. Yeye ni kitukuu cha Makungu kwa upande wa wanaume, ana watoto wanne wa kiume wanaotaka kujenga, na ardhi haiongezeki. Akajibu kwa maneno machache.

"Hilo si jina, Yusra. Soma tena."

Yusra alisoma tena. Alisoma amesimama, akasoma amekaa. Kisha damu ikamchemka.

"Mjomba, mie chuo cha Kurani nimesoma. Mtumwa ni jina. Rafiki yangu mmoja anaitwa Mtumwa, anafundisha skuli."

"Rafiki yako anaandikwa kwa M kubwa. Nioneshe M kubwa hapo."

Hapo Yusra akakwama. Herufi za Kiarabu hazina kubwa wala ndogo. Jina la mtu na hali ya mtu huandikwa sawasawa, na Msabah alikuwa akilijua hilo kabla hajauliza.

"Utumwa ulikuwa umeshapigwa marufuku wakati huo," Yusra akaandika. "Tazama mwaka."

"Marufuku ilikuwa ya serikali. Watu walibaki walivyo, wakikaa kwa mabwana zao. Haya, kama mama Pili ni binti wa Makungu, mama yake nani? Wake wa Makungu wanajulikana, na watoto wa kila mmoja wanajulikana. Yeye yumo tumbo la nani?"

Kundi zima likasoma. Watu sitini na kitu, wale wale wanaotuma maua kila asubuhi ya Ijumaa, wote wamo.

Siku ya pili yake Bi Amne akabisha hodi Kiponda. Ana mkoba mmoja, na uso umemvimba.

"Mama, umekuja bila kuniambia?"

"Nimekuja kukaa."

"Kukaa vipi? Nyumba umemwachia nani?"

"Nimeifunga. Funguo hii hapa, ukitaka kampe Msabah."

Yusra akamkalisha, akamtilia chai. Bi Amne hakuigusa. Alisema polepole, huku akiutazama ukuta.

"Jana nlikwenda kwenye hitima. Nkakaa na wenzangu kama siku zote. Wakati wa kupakua, mmoja akasema, mwachieni Amne akoshe vyombo, kazi hiyo wamerithi kwao. Wakacheka. Watu nliocheza nao, Yusra. Watu nliowapaka hina arusini kwao."

"Ulimjibu nini?"

"Nkakosha vyombo."

Yusra kanambia pale alitamani ardhi immeze. Yeye ndiye aliyefukua. Yeye ndiye aliyerusha. Mama yake kaishi miaka yote hiyo hajapata kuambiwa neno, mpaka mwanawe msomi alipokwenda kumtafutia sifa.

"Mama, na hata mama Pili angekuwa mtumwa kweli, aibu ingekuwa yake au ya aliyemtia utumwani?"

"Hayo maneno ya mjini," akasema Bi Amne. "Yaseme hapa Kiponda. Kule mie nakaa na watu."

Hakuwa na hasira. Ndilo lililomuumiza Yusra zaidi, kwamba mama yake hakumgombeza hata kidogo.

Chai haijapoa, mlango ukagongwa tena. Msabah. Kofia yake safi, kanzu imepigwa pasi, na mkononi kashika mkate wa ajemi kama mtu anayekuja kumtazama mzazi.

"Shikamoo, mjomba," akasema Yusra, kwa sababu malezi ni malezi.

"Marahaba, mwanangu. Dada Amne, nimekukosa Makunduchi, nkaambiwa uko huku."

"Nipo," akasema Bi Amne.

Msabah akakaa. Akazungumza habari za joto, za foleni ya gari Darajani, za mjukuu wake aliyeota meno. Kisha akashusha sauti.

"Dada, sisi ni watu wamoja. Mie sitaki kikao cha kugawa ardhi kifike mbali. Nna shauri. Wewe useme mbele ya Mwalim Anuar, anayetusuluhisha, kwamba pale unakaa kwa ihsani ya ukoo, si kwa haki. Basi. Utakaa mpaka Mungu akuchukue. Hakuna atakayekugusa."

"Na nikishachukuliwa?"

"Ah, tena hapo..." Msabah akaitazama kofia yake aliyoiweka gotini. "Yusra ana maisha yake mjini."

Bi Amne akainamisha kichwa. Yusra alimwona mama yake anataka kukubali. Alimwona kabisa, mdomo unafunguka.

"Hasemi," akadakia Yusra. "Mama hasemi kitu chochote."

"Nnazungumza na mkubwa mwenzangu."

"Na mie nnazungumza na mjomba wangu. Mama kazaliwa kwenye nyumba ile. Mama yake kazikwa nyuma yake. Hakai kwa ihsani ya mtu."

Msabah akasimama taratibu. Hakukasirika, au kama alikasirika aliificha hasira yake vizuri.

"Wewe ndiye uliyelitoa lile neno, Yusra. Mie nimelisoma tu."

Akaondoka, mkate wake akauacha mezani. Hakuna aliyeula.

Mwalim Anuar, kwa asiyemjua, ni mtu wa Chwaka, mjuzi wa mirathi, na wazee wa Makunduchi walimwomba asuluhishe kwa sababu si wa ukoo ule wala hana jamaa ndani yake. Atakaloamua yeye ndilo litakalopelekwa kwa kadhi. Jioni ile ile simu ya Yusra ikalia, kumbe ni yeye.

"Msabah kaja kwenu?"

"Kaja, Mwalim. Kataka mama akiri."

"Nlijua atakuja. Nimemwambia karatasi ile haina mdomo. Unaweza kuisoma jina, unaweza kuisoma hali. Anayetaka kumtoa mtu kwenye nyumba aliyoikuta kwa wazee wake alete shahidi. Yeye hana. Asipoleta, Bi Amne anabaki alipo, na atahesabiwa katika warithi kama alivyohesabiwa siku zote."

"Kwa hiyo tumeshinda, Mwalim?"

"Sijasema hivyo. Nimesema hana shahidi. Nyinyi njooni Jumamosi, mkae, mnyamaze."

Mnyamaze. Mtu mzima kasema neno moja la maana, na lingefuatwa, mie leo nisingekuwa na la kuwaandikia.

Yusra alimkumbatia mama yake, akamrusharusha kama mtoto. Nyumba imepona. Msabah kumbe alikuja na mkate wake kwa sababu mkononi hana kitu.

Lakini Bi Amne hakufurahi.

"Kwa hiyo nirudi."

"Urudi, mama. Nyumba yako."

"Nirudi nikakae kwenye nyumba, na jina libaki lile lile. Kwamba hawakupata wa kumshuhudia tu, lakini mtumwa alikuwa mtumwa. Kila hitima nikoshe vyombo."

"Mama, Mwalim kasema tunyamaze."

"Mie nimenyamaza. Wao ndio hawanyamazi."

Akalia. Alilia kilio cha mtu mzima, kisicho na sauti, mabega tu yanapanda na kushuka. Yusra kanambia, kama mama yake angelilia nyumba angemtuliza, lakini alimlilia bibi yake, na kwa hilo hakuwa na dawa dukani.

Baadaye Bi Amne akasema, "Yuko mmoja, kama hajafa. Bi Sichana. Kwao Makunduchi, kaolewa Fumba akabaki huko huko. Bibi yake ndiye aliyekuwa mkunga. Kama kuna anayejua mama Pili katoka tumbo la nani, ni yeye."

Yusra hakungoja kukuche vizuri. Akachukua vespa ya jirani, akashika njia ya Fumba, akazipita zile nyumba mpya za ghorofa, akaingia kijijini akiuliza mlango kwa mlango.

Akamkuta Bi Sichana uani, anasuka ukili. Kizee kimekonda, macho yameingia ukungu, lakini vidole vinakwenda vyenyewe.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Wa nani weye?"

"Wa Amne. Amne wa Mwanapili. Mwanapili wa mama Pili, wa Makunduchi."

Vidole vikasimama.

"Wa Mtumwa," akasema Bi Sichana.

 Yusra hajataja karatasi, hajataja mbuzi, hajataja kitu. Kizee kimelitamka chenyewe. Akakaa chini, kwenye mchanga, na buibui lake.

"Bibi, hilo lilikuwa jina lake? Au ndivyo alivyokuwa?"

"Jina lake. Sasa nimwite nani? Kanibeba mgongoni mie, akenda kuchota maji, na mie juu yake."

Bi Sichana alisema kwa Kikae, lugha ya kwao Makunduchi, na mie nawawekea kwa lugha ya mjini tusije tukapotezana.

"Kwa nini wampe mtoto jina kama hilo, bibi?"

"Ili aishi. Waliomtangulia walikufa wote. Mama yake anazaa, anazika, anazaa, anazika. Alipopatikana huyu, bibi yangu akamwambia, usimpe jina la kupendeza, kifo kikisikia jina la kupendeza kinakuja kutazama. Mpe jina la kutupwa. Akaitwa Mtumwa. Kisha akatiwa kwenye ungo, akapelekwa jaani kwenye taka, mama yake akamnadi: mtumwa huyu, nani anunue? Kifo nacho kinasikiliza, kinasema, ah, hapana mwana wa watu hapa, mtumwa tu, na keshauzwa. Kinapita."

"Na akanunuliwa?"

"Akanunuliwa. Kwa sahani ya mtama. Na aliyemnunua..."

"Yatosha, bibi." Yusra alikuwa anacheka na kulia kwa pamoja. "Yatosha. Hayo hayo ndiyo uyaseme Jumamosi mbele ya watu. Nitakuletea teksi mpaka mlangoni."

"Sijamaliza, mjukuu wangu."

"Utamalizia Makunduchi. Hapa usijichoshe."

Jamani. Mtu kenda mwenyewe kuuliza, kajibiwa, na jibu likiwa bado limo mdomoni mwa msemaji, kasimama kukung'uta mchanga. Nilimuuliza, Yusra, ulikuwa na haraka gani? Akanambia alikuwa na haraka ya kumwona mama yake akinyanyua kichwa.  

Jumamosi banda la chuo lilijaa. Wanaume upande mmoja wa mkeka, wanawake upande wa pili. Mwalim Anuar alikaa katikati, miwani puani. Msabah na wanawe walikaa mbele. Bi Amne alikuja na buibui lake jipya, akakaa mwisho kabisa, karibu na viatu.

Mwalim akamuuliza Msabah, "Una shahidi?"

"Sina, Mwalim. Nna karatasi."

"Karatasi tumeiona. Basi..."

Na hapo, Mwalim akiwa tayari kulifunga shauri, Yusra akanyanyua mkono.

"Sisi tunaye."

Mwalim akamtazama juu ya miwani. Aliutazama mkono ule muda mrefu kuliko kawaida.

"Una hakika unataka kumsimamisha?"

"Nna hakika."

Bi Sichana akaingizwa, huku na huku kashikwa, akawekewa kiti. Akatoa salamu. Akaulizwa anamjua vipi mama Pili, akaeleza, na kwa kuwa alisema kwa lugha yao, hapakuwa na aliyehitaji kutafsiriwa. Alisema habari ya watoto waliokufa. Alisema habari ya jina. Alipofika kwenye ungo na jaa, wazee wawili watatu wakaanza kutikisa vichwa, kwa sababu walikumbuka nao wamesikia mambo hayo kwa mama zao.

"Kwa hiyo hakuwa mtumwa wa mtu?" akauliza Mwalim.

"Mtumwa? Mtoto wa kuzaliwa huru, mama yake huru, baba yake huru. Jina tu lile. La kumkinga."

Upande wa wanawake ukalipuka. Vigelegele. Yule yule aliyesema la vyombo ndiye wa kwanza kumwangukia Bi Amne shingoni, analia, anaomba radhi, na wengine juu yake, wanambusu, wanampepea kwa kanga. Bi Amne kafunikwa, haonekani. Sauti yake tu ikisikika katikati: alhamdulillahi, alhamdulillahi.

Yusra akamtazama mjomba wake. Msabah kainama. Nitamkumbuka hivi, Yusra alijiambia.

Mwalim Anuar alingoja kelele zipungue upande wa wanaume, za wanawake akaziacha. Mtu wa mirathi hukamilisha hesabu yake. Akainama kwa Bi Sichana, akauliza kwa sauti ya chini.

"Na aliyemnunua pale jaani alikuwa nani?"

"Makungu."

"Makungu bin Silima."

"Ndiye huyo. Mwenye ardhi hii."

"Baba yake mtoto."

Bi Sichana akakunja uso.

"Baba yake vipi? Mtu hanunui mwanawe, Mwalim. Akimnunua baba yake, kifo kitadanganyika wapi? Hununua jirani. Makungu alikuwa jirani."

Yusra kanambia hakusikia tena vigelegele. Anajua vilikuwepo, lakini hakuvisikia.

"Baba yake nani, basi?" akauliza Mwalim.

"Mchoma chokaa, mtu wa Tumbatu. Kaja kwa kazi, kaoa hapa, kafa mapema. Mama yake akiitwa Ummkulthum. Sasa mtoto akishaanza kutembea ndipo mama humkomboa, anarudisha mtama, watu wanakula, mtoto anarudi kwao. Ummkulthum akafa mtoto bado anatambaa. Pakawa hapana wa kumkomboa. Makungu akasema, nimemnunua, ni wangu. Akamlea na watoto wake, sahani moja. Akamwoza. Akampa pa kukaa. Ndio watu wakisema, Mtumwa wa Makungu. Kwa mapenzi tu."

"Alimpa pa kukaa," akasema Msabah. Alikuwa ameshanyanyua kichwa.

"Alimpa," akasema Bi Sichana, amefurahi kuulizwa.

"Lakini hakumzaa."

"Hakumzaa, baba. Nshakwambia, alimnunua."

Mtoto wa kulelewa harithi. Hilo Yusra hakuhitaji kuelezwa, tumesomeshwa sote chuoni. Mama Pili hakuwa mtumwa, wala hakuwa binti. Na nyumba ya Bi Amne imo ndani ya ardhi ya mtu asiyekuwa babu yake.

Msabah akasimama. Alijikohoza. Yusra anasema hakuwa na furaha usoni, na hilo nalo anataka niliandike, kwa haki.

"Mwalim," akasema, "mie nlikosea. Nlisema ni mtumwa, na mbele ya watu hawa naomba radhi. Ushahidi wa Bi Sichana naukubali. Wote, tangu mwanzo mpaka mwisho."

Mwalim Anuar akavua miwani, akaifuta kwa ncha ya kanzu, akaivaa tena.

"Msabah kaukubali. Yusra, shahidi ni wako, wewe ndiye uliyemleta. Ukisema unaukubali, nitaandika yote aliyoyasema. Ukisema umemwona mtu mzima, kumbukumbu zimemchanganya, humtegemei, basi nitauweka kando wote, na tutarudi pale tulipokuwa asubuhi. Siwezi kuchukua nusu nikaacha nusu. Unasemaje?"

Pale tulipokuwa asubuhi, nyumba ilikuwa ya mama yake. Na bibi yake alikuwa mtumwa midomoni mwa watu. Bi Sichana alikuwa kakaa kitini, mikono magotini, anamngoja kitukuu wa Mtumwa amthibitishie mbele ya kijiji kizima kwamba hakusema uongo.

Yusra akageuka kumtafuta mama yake.

Wanawake wakapisha. Bi Amne akaja akitembea katikati yao, ushungi umemwanguka, uso umelowa, na kichwa kakinyanyua kama Yusra hajapata kumwona. Maneno ya mwisho hakusikia hata moja. Akamshika mwanawe mkono.

"Mwalim anataka nini, mwanangu?"

"Anauliza kama tunaukubali ushahidi wa Bi Sichana."

"Hilo nalo la kuuliza?" akasema Bi Amne. "Mwambie tunaukubali. Mwambie, halafu twende zetu nyumbani."